Pampu ya hewa ya njia mbili kwenye diaba la saladi: uzoefu wangu wa Dar

Nianze na jibu, maana wengi hilo ndilo mnalolitafuta: inunue. Pampu ndogo ya akwariamu ya njia mbili, yaani yenye midomo miwili ya kutolea hewa, ile inayouzwa Kariakoo kwenye maduka ya samaki wa mapambo, inatosha kabisa kwa saladi za majini. Ila kama unadhani ukishaichomeka kwenye umeme basi kazi imeisha, joto la Februari litakuumbua.

Ninalima barazani kwangu Tabata, saladi na chainizi, kwenye madiaba mawili. Mfuniko ni kipande cha boksi jeupe la kuwekea samaki na barafu, nilikipata soko la samaki la Feri. Nimekitoboa matundu, kila tundu linabeba mche kwenye kikombe, na mizizi inaning'inia kwenye maji yenye virutubisho. Udongo hakuna. Kwa hiyo hewa ambayo mzizi ungeipata kwenye nafasi za udongo, huku lazima ipatikane ndani ya maji yenyewe.

Pampu nililipa shilingi 35,000 baada ya kuvutana bei. Muuzaji aliapa, "Dada yangu, hii hata bwawa inatosha." Bwawa haitoshi. Boksi lina pampu yenyewe, mipira miwili myembamba, vijiwe viwili vya bluu vya kutolea mapovu na valvu mbili za kuzuia maji yasirudi nyuma. Hizo valvu usizidharau. Pampu ikikaa chini ya usawa wa maji na umeme ukakatika, maji yanafuata mpira na kuingia kwenye mashine. Mimi nimeifunga ukutani juu ya diaba, na valvu nimeziweka vilevile.

Umeme inaotumia pampu ni mdogo mno. Imeandikwa wati 5, na inawaka usiku na mchana, hivyo kwa mwezi ni kama uniti 3.6 za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Friji haitajua kama ina mwenzake.

Kelele je? Ukiiweka juu ya marumaru inanguruma nyumba nzima. Nilikata kandambili iliyochakaa nikaweka kipande nyuma yake, sasa unasikia mapovu tu.

Vijiwe vilivyokuja nayo ndiyo sehemu mbovu ya mzigo. Vinatoa mapovu makubwa kama punje za mahindi, yanapanda mbio na kupasuka juu. Povu kubwa linagusana na maji kwa muda mfupi, na eneo lake ni dogo ukilinganisha na hewa iliyobeba. Nilinunua kijiwe bapa cha duara, kikaanza kutoa mapovu laini yanayofanya maji yaonekane meupe kidogo. Hata hivyo, usidhani oksijeni yote inatoka kwenye povu lenyewe. Sehemu kubwa inaingia pale juu, maji yanapotibuka na kukutana na hewa, kisha yale ya chini yanapanda kuchukua zamu. Ndiyo maana napenda kijiwe kikae katikati ya diaba, siyo pembeni ambako kinazungusha kona moja tu.

Kwa tunaotumia maji ya kisima, vijiwe vinaziba kwa chokaa. Vilaze kwenye siki usiku mmoja, visuuze, virudishe. Kuna jambo jingine kuhusu maji hayo: mapovu yanafukuza kabonidayoksaidi iliyomo, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, inapanda yenyewe bila wewe kugusa kitu. Pima pH baada ya pampu kufanya kazi usiku kucha. Kwa maji ya bomba ya DAWASA mapovu hayohayo yana faida, yanasaidia klorini kutoka kabla hujaweka mbolea.

Sasa turudi kwenye joto, kwa sababu hapo ndipo maelezo mengi ya mtandaoni yanatuacha sisi watu wa pwani. Maji baridi yanashika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Yakiwa nyuzi 20, ukiyapuliza hewa mpaka yashibe, yanabeba takriban miligramu 9.1 kwa lita. Kwenye nyuzi 25 ni 8.3. Kwenye nyuzi 30 ni 7.6 hivi. Hicho ni kikomo cha maji kwa hewa ya kawaida, hata ungefunga pampu kumi. Wakati huohuo mzizi kwenye maji ya moto unapumua kwa kasi zaidi, kwa hiyo ghala linapungua na walaji wanaongezeka njaa. Ongeza hapo kimelea wa majini anayefanana na kuvu, aitwaye Pythium, anayeozesha mizizi na kustawi pale mizizi iliyodhoofika inapokutana na joto.

Dalili zake utazijua. Saa saba mchana majani yamelala, na mche umekaa ndani ya maji! Anayeona anakwambia ongeza maji. Kumbe mzizi uliokosa oksijeni unashindwa hata kunyonya yale yaliyouzunguka. Inua mfuniko uangalie: mzizi wenye afya ni mweupe, mgumu kidogo, hauna harufu. Mzizi unaooza ni wa kahawia, unateleza, na ukiuvuta kwa vidole ganda linavuka na kuacha kiuzi chembamba katikati. Harufu yake utaitambua hata ukiwa umesimama.

Kabla ya pampu, diaba la chainizi lilikuwa limeanza njia hiyo. Baada ya pampu, mizizi mipya myeupe ilichipuka juu ya ile ya kahawia, na mimea ikaendelea. Hapo naisifu bila kusita. Lakini siku za jua kali, kipimajoto kilipofika nyuzi 32 ndani ya diaba, saladi zililala tena na mapovu yakiwa yanaruka vizuri tu. Kilichobadilisha mambo ni kivuli. Nilitundika neti ya kivuli upande wa magharibi, nikalivisha diaba kiroba cheupe, na mchana natumbukiza chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa. Chupa imefungwa, kwa hiyo haichanganyiki na mbolea. Kiroba kinafanya kazi ya pili pia: kinapunguza mwanga, mwani hauoti kirahisi. Mwani ukijaa, usiku unakula oksijeni ileile unayoilipia LUKU.

Umeme ukikatika, mmea mkubwa kwenye maji ya moto hauna subira ndefu, ni suala la saa chache. Pampu hii haina betri. Zipo za kuchaji ambazo zinawaka zenyewe umeme ukiondoka, na kama mtaa wenu una tabia hiyo ningeanza na hizo. Mimi nachota maji kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu, mara kadhaa. Pia sijazi diaba mpaka ukingoni. Naacha nafasi chini ya mfuniko ili mizizi ya juu ipate hewa yenye unyevu moja kwa moja. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alijenga mfumo mzima juu ya nafasi hiyo, hauna pampu kabisa. Ukiwa na miche michache na kivuli kizuri, jaribu huo kwanza kabla ya kutoa hela.

Duka hilohilo walitaka kuniuzia na unga wa oksijeni, ule unaotiwa kwenye maji ya kusafirishia samaki. Lebo inasema ni sodiamu pakaboneti. Ni kweli unatoa oksijeni, lakini unaacha kitu cha jamii ya magadi kinachopandisha pH, na saladi inataka pH ya 5.5 hadi 6.5. Ikizidi hapo chuma hakinyonyeki vizuri na majani machanga yanageuka njano. Niliurudisha kwenye rafu.

Malalamiko yangu ya mwisho ni kiwambo cha mpira kilicho ndani ya pampu. Ndicho kinachosukuma hewa, na ndicho kinachochakaa. Changu kilipochanika upande mmoja mapovu yalififia, na duka lililoniuzia halina kipuri. Waliniambia ninunue pampu nyingine. Nilikipata kwa duka la pili la samaki, mtaa uleule, kwa bei ya soda mbili. Fungua skrubu nne za chini, utakiona. Ukiwa hapo, toa na kitambaa kidogo cha kuchuja vumbi, kikung'ute. Kwa vumbi la Tabata, kinajaa haraka kuliko unavyofikiri.