TAHADHARI: Kuna muuza rimu za inchi 18 anawalenga wenye Altezza

Wakuu, kama una Altezza au gari lolote la spoti la zamani na unataka kulipandishia rimu kubwa, soma hii kabla hujatuma hela.

Nina Altezza RS200 ya 1999, nimeitunza mwaka wa sita sasa. Kiwandani ilitoka na rimu za inchi 17, tairi 215/45. Nilitaka inchi 18 zijaze fenda, na kwa hesabu inawezekana kabisa: 225/40R18 ina kipenyo cha milimita 637, ile ya kiwandani 625. Tofauti haifiki asilimia 2, spidomita haipotoki sana, na ukipata ofseti sahihi (yaani rimu inakaa ndani au nje kiasi gani ikifungwa) tairi haisugui popote. Saizi hiyo ndiyo niliyompa muuzaji. Hana duka. Anatangaza mtandaoni, anasema mzigo wake uko Kariakoo, na kila siku umebaki "seti moja ya mwisho, bosi wangu".

Niliuliza PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Ya Altezza ni 5x114.3. Akanitumia picha ya nyuma ya rimu, chapa imeandikwa 5x114.3, safi kabisa. Nikaridhika. Bei milioni moja na laki mbili pamoja na tairi, nikatanguliza laki saba kwa simu.

Mzigo ukaja na bajaji saa moja usiku, kila rimu imeviringishwa nailoni. Dereva akasema ameagizwa asifungue mpaka nimalizie hela. Hapo ndipo nilipokosea. Nilimalizia.

Kesho yake vijana wa tairi barabarani wakazifunga kwa mashine ya upepo, mbio mbio, nikalipa nikaondoka kuelekea Kibaha. Nilipofika 80 gari likaanza kutetemeka, na mtetemo haukuwa kwenye usukani, ulikuwa chini ya kiti. Nikaegesha. Nati tatu za gurudumu la nyuma kushoto nilizizungusha kwa vidole. Kwa vidole, wakuu! Mke wangu na mtoto walikuwa ndani ya gari.

Fundi wangu alipoziweka chini tukaona kila kitu. Picha ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya rimu za mbele tu. Mbili za nyuma ni za mtindo uleule na rangi ileile, lakini ni 5x112, kipimo cha Benzi na Audi. Chapa yake ilikuwa imesagwa kwa grenda na kupakwa rangi ya fedha. Tofauti ni milimita 2.3, kwa macho huioni, na kwa mashine ya upepo nati inaingia kwa nguvu. Inaingia ikiwa imekaa upande, inapinda stadi (bolti inayoshika nati), kisha inaanza kulegea.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chukua kalipa (kipimo cha milimita chenye taya mbili), pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani, zidisha kwa 1.701. Rimu ya 5x114.3 itakupa milimita 67.2 kati ya tundu na tundu. Ya 5x112 itakupa 65.8. Futi ya fundi cherehani haitoshi hapa.

Halafu fundi akapitisha kidole gumba ndani ya rimu moja ya mbele, akasimama, akaparua rangi kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na mshono wa kuchomelea wa urefu wa kidole. Rimu ya aluminiamu hupewa ugumu wake kwa joto kiwandani. Ukiichomelea kienyeji, eneo lile linalainika, na shimo moja la barabarani linatosha kuipasua upya. Kwenye tairi ya ubavu mfupi kama hii ya 40 ndiyo kabisa, maana haina nyama ya kupokea kishindo.

Na tairi "mpya"? Ziling'aa kwa polishi. Kwenye mlolongo unaoanza na herufi DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Mara nyingi huwa ubavu mmoja tu, na huyu bwana alikuwa amezifunga zote ubavu huo ukiwa ndani. Tulipochungulia tukasoma 1312: wiki ya 13, mwaka 2012.

Nilipompigia alipokea mara moja, akaniambia nitafute speisa, zile sahani za kuweka kati ya rimu na gari, zitarekebisha. Baada ya hapo akanifungia.

Kwa hiyo nawaomba, mkiletewa rimu hakikisheni nailoni imetoka kwa zote nne, mchana, kabla ya shilingi ya mwisho. Kila moja iingizwe kwa mkono kwenye habu (kitovu cha gari rimu inapokaa), nati zianzwe kwa vidole mpaka zikae. Ulizeni pia tundu la katikati: habu ya Altezza ni milimita 60.1, na rimu nyingi za dukani zina 73.1, hivyo zinahitaji ringi ya kujaza nafasi. Muuzaji anayeijua kazi yake atakuwa nazo. Huyu hakujua hata ninazungumzia nini.

Polisi wamenipa RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu), na namba ya simu ya muuzaji nimeituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Ukimwona anatangaza, utamjua kwa picha: rimu nne juu ya turubai la bluu, tairi zimemwagiwa maji, na chapa ya nyuma inaonyeshwa ya rimu moja tu. Mwombe picha ya zote nne, uone atakavyopotea.

Rimu iliyochomelewa iko kwa fundi kama ushahidi. Kesi ikiisha nitaikata vipande viwili kwa grenda, isifungwe tena kwenye gari la mtu.