Uzoefu wangu: AC ya gari iliyogoma kwenye joto la Mombasa

Mwezi wa pili Mombasa joto halina huruma. Nilikuwa foleni ya feri Likoni na mama, ana presha, na AC inapuliza upepo wa vuguvugu. Desemba nilishalipa shilingi 3,000 gereji moja, wakanijazia gesi chapchap bila kupima chochote. Ubaridi ulidumu wiki mbili.

Safari hii nikaelekezwa kwa fundi wa AC upande wa Makupa. Neno lake la kwanza: "Dada, gesi hii haiishi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja."

Akafunga geji za kupima presha ya gesi, paipu ya bluu upande wa presha ndogo, nyekundu upande wa presha kubwa. Injini ikinguruma, ya bluu ilisoma 15 psi, na kwa gesi ya R134a ilifaa ifike 30 na kuendelea. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inashika, inaachia, inashika tena. Angetaka, angejaza tu nikamlipa nikaenda zangu. Lakini alitoa gesi iliyobaki kwa mashine, akaingiza naitrojeni, akapaka povu la sabuni kiungo baada ya kiungo. Pale bomba linapoungana na kondensa, ile rejeta ya AC, palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. Sabuni ilipofika hapo, vipovu vidogo vidogo vikaanza kuchomoza. Oringi imekauka, imepasuka. Kijipira chembamba kuliko pete ya kidole, ndicho kilichokuwa kikinila pesa.

Alikibadilisha, akatia mafuta ya kompresa kidogo, akavuta hewa kwa pampu nusu saa nzima. Kisha akazima pampu, akakaa akiutazama mshale wa geji kama utarudi, maana ukirudi bado kunavuja. Haukurudi. Gesi akaipima kwa mizani, gramu 450 kama kibandiko cha chini ya boneti kinavyosema. Kipimajoto kwenye tundu la dashibodi kilikuwa kikisoma 19. Sasa kikasoma digrii 7.

Nililipa 5,500 jumla, na sijutii hata senti. Kasoro yake ni moja: asubuhi yote iliishia pale, na benchi la wateja liko juani.

Na yale maji yanayodondoka chini ya gari AC ikiwaka, msiyaogope. Ni unyevu wa hewa tu, na pwani unyevu ni mwingi. Gesi ikivuja haidondoki.

Sasa ni mwezi wa tano. Juzi tumevuka Likoni saa saba mchana, mama akaniomba nipunguze feni, miguu inamshika baridi.