Bath, Uingereza: Yaone Kwanza Mabafu ya Warumi, Kisha Uoge

Yeyote anayekwenda Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa nia ya kupumzika, ningemshauri atembelee kwanza mabafu ya kale ya Warumi, na jioni ndipo aingie majini katika jengo la kisasa la Thermae Bath Spa. Anayeanza na bwawa huoga maji ya moto tu, lakini anayeanza na magofu huingia bwawani akijua maji yale yametoka wapi na nani waliyatumia kabla yake.

Yametoka mbali. Ni mvua iliyonyesha zamani sana kwenye vilima vya Mendip, ikapenya katika miamba ya chokaa hadi kina cha mita 2,700 na zaidi, ikapashwa moto na joto la ardhi, kisha ikapanda kupitia nyufa za miamba na kububujika katikati ya mji ikiwa na nyuzijoto 46 za Selsiasi, zaidi ya lita milioni 1 kila siku. Juu ya chemchemi hiyo Warumi walijenga mabafu na hekalu la Sulis Minerva, jina lililounganisha mungu wa kike wa wenyeji na wa kwao. Bwawa Kuu lina kina cha mita 1.6, na sakafu yake hadi leo imetandikwa mabamba 45 ya madini ya risasi yaliyowekwa na mafundi wa Kirumi. Hairuhusiwi kuoga humo. Rangi yake ya kijani inatokana na mwani unaostawi kwa mwanga wa jua, kwa kuwa paa la kale halipo tena, na nguzo na sanamu zinazolizunguka kwa juu ni kazi ya karne ya 19.

Kilichonigusa kuliko vyote ni vibao vidogo vya risasi, takriban 130, ambavyo watu waliviandika na kuvitupa chemchemini wakimwomba mungu huyo awaadhibu waliowaibia. Baadhi ya waandishi waliibiwa nguo walipokuwa wakioga, na hasira yao inasomeka waziwazi hata baada ya karne nyingi. Tenga muda wa kutosha kwa sehemu hii, wala usiipite haraka kwa kukimbilia kupiga picha kwenye bwawa.

Thermae Bath Spa, iliyofunguliwa mwaka 2006, iko umbali mfupi kwa miguu. Humo maji ya chemchemi hupozwa hadi nyuzi 33.5 hivi, joto linalomwezesha mtu kukaa ndani kwa muda mrefu bila kuchoka. Kuna bwawa la ndani, vyumba vya mvuke, na lile lililoupa mahali hapa sifa, bwawa la juu ya paa, ambapo muogaji huliona kanisa kuu la Bath na vilima vinavyouzunguka mji. Nalipendelea wakati wa baridi, mvuke unapopanda na taa za mji zinapowaka, kwani hapo ndipo tofauti kati ya hewa na maji huhisiwa mwilini kikamilifu. Anayetafuta ukimya, hata hivyo, achague siku ya kazi badala ya wikendi, na anayesafiri na watoto afahamu kwamba mabwawa haya makuu ni ya watu wenye umri wa miaka 16 na kuendelea.

Maji ya chemchemi hiyo hunywewa pia, yakiwa ya vuguvugu na yenye ladha nzito ya madini. Glasi ndogo inatosha.

Kutoka London, treni kutoka kituo cha Paddington hufika kwa takriban saa moja na nusu, hivyo safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo inawezekana. Mimi ningelala huko, kwa sababu baada ya kuoga mwili hulegea na hamu ya kukimbilia treni huisha.