Duka la dawa la Magomeni: mfamasia wa jioni na kijana wa asubuhi

Duka ninaloliandikia lipo Magomeni, si mbali na kituo cha mwendokasi, na mlango wake umebanwa na muuza matunda upande mmoja na fundi simu upande wa pili. Kwa miaka minne nimekuwa nikinunua hapo simvastatini ya miligramu 20, ninayoimeza kila usiku kwa ajili ya lehemu, au kolesteroli kama wengi tunavyoiita, na muda wote huo sikuona cha kuwasifu wala cha kuwalaumu. Hali ilibadilika miezi mitatu iliyopita, nilipofika na cheti cha vidonda vya tumbo.

Cheti kilikuwa na dawa tatu ambazo wagonjwa wengi wa vidonda wanazifahamu: klarithromaisini, amoksisilini na omeprazoli, za siku 14, kwa ajili ya kuwaua bakteria aina ya Helicobacter pylori. Mfamasia wa zamu, binti wa rika la kitinda mimba wangu, aliniamkia, akakisoma cheti mara mbili, kisha badala ya kuanza kuhesabu vidonge akauliza, "Baba, ile simvastatini bado unaimeza?" Nilipomjibu kwamba naimeza kila siku saa tatu usiku, alikilaza cheti juu ya kaunta na kuweka kidole kwenye jina la klarithromaisini. Alinieleza kwamba dawa hiyo huzuia kimeng'enya cha ini kinachoivunjavunja simvastatini, hivyo simvastatini hurundikana katika damu na inaweza kuharibu misuli kiasi cha kuzidhuru hata figo. Alimpigia simu daktari palepale mbele yangu, wakakubaliana nisitishe simvastatini hadi nimalize dozi ya vidonda. Foleni ilikuwa imefika mlangoni na bwana mmoja alikuwa akisonya waziwazi, lakini binti hakuharakishwa.

Siku ya tano, huku kinywa kikiwa na ladha ya chuma na tumbo likiendesha, nilirudi kumuuliza kama ni kweli, kama anavyodai jirani yangu, kwamba antibiotiki hupandisha kolesteroli. Baada ya kunihoji kuhusu hilo tumbo na kuniagiza nimpigie daktari likizidi, alichukua bahasha ya vidonge, akaigeuza, akachora ini, mfuko wa nyongo na utumbo. Ini, alisema, hutengeneza asidi za nyongo kutokana na kolesteroli na kuzimwaga utumboni ili zisaidie kumeng'enya mafuta. Takribani asilimia 95 ya asidi hizo hunyonywa tena mwishoni mwa utumbo mwembamba na kurudi kwenye ini, na kile kidogo kinachopotea na kinyesi hulilazimu ini kutumia kolesteroli nyingine kufidia. Bakteria wa utumboni wamo ndani ya mzunguko huo, kwa kuwa ndio wanaozing'oa asidi za nyongo kutoka kwenye viambata zilivyofungwa navyo na kuzigeuza kuwa za aina nyingine, na wapo pia wanaoigeuza kolesteroli yenyewe kuwa koprostanoli, ambayo utumbo hauinyonyi kwa urahisi, ikaishia chooni. Antibiotiki ikiwafyeka bakteria hao, kazi zote hizo hupungua, na hata ishara zinazoliambia ini litengeneze asidi kiasi gani hubadilika.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba alikataa kunipa jibu la "ndiyo" au "hapana". Alinitolea mfano wa neomaisini, antibiotiki ambayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 ilijulikana kuwa, ikimezwa, hushusha kolesteroli, kwa sababu haiishii kuua bakteria bali pia huvuruga unyonyaji wa kolesteroli utumboni. Haikuwa tiba ya kawaida, maana inaweza kudhuru masikio na figo. Kwa hiyo anayesema antibiotiki zote hupandisha, au zote hushusha, anakisia. (Mimi niliongeza la kwangu: Akira Endo wa Japani aliipata statini ya kwanza, yaani dawa ya kundi moja na simvastatini yangu, katika miaka ya 1970 kutoka kwenye ukungu wa Penicillium citrinum, ndugu wa ule uliotupa penisilini. Binti alicheka akasema ukungu huo umetulisha watu wengi wa kaunta.)

Sasa lawama. Siku ya 15 nilipita asubuhi, nikamkuta kijana mwingine, ambaye kabla sijamaliza kueleza shida yangu alikuwa ameshanitoboa kidole kwa kile kipimo kidogo cha pale kaunta. Kilisoma kolesteroli 6.3 (milimoli kwa lita), wakati kipimo changu cha awali kilikuwa 4.6. Bila kuuliza lolote alitangaza kwamba antibiotiki zimeua "bakteria wazuri", akanishushia kutoka rafu ya juu kopo la vidonge vya bakteria hai la shilingi 65,000. Zipo aina mahususi za bakteria, baadhi ya zile za Lactobacillus reuteri, ambazo majaribio yameonyesha zinapunguza kolesteroli kwa kiasi fulani. Kopo lile halikutaja aina yoyote, liliandikwa tu kwamba lina mabilioni. Nililiacha, ila fedha ya kipimo nililipa, na bado naiona kuwa ilitupwa, kwani mtu aliyekaa wiki mbili bila simvastatini hana sababu ya kushangaa namba yake ikipanda. Hilo ndilo aliloniambia binti jioni yake, akanitaka nirudie dawa yangu na nipime baada ya wiki nane. Nilipopima ilisoma 4.7, na katika wiki hizo nane sikumeza kidonge cha bakteria hata kimoja.

Bei za dawa hapo ni za kawaida na malipo ya simu yanapokelewa bila nyongeza. Mwenye cheti cha antibiotiki, hasa kama ana dawa nyingine anayoimeza kila siku, aende kuanzia saa kumi jioni, binti anapoingia zamu. Asubuhi mimi hununua pale dawa ya meno tu.