Uzoefu wangu: kujitayarisha kwa warsha ya kuchora kwa kutuliza moyo, Mji Mkongwe

Tangu mama afariki mwaka jana, usingizi wangu umekuwa wa kuibia ibia. Shoga yangu ndiye aliyenisajili kwenye warsha hii ya wanaoanza, Jumamosi moja, saa tatu asubuhi hadi saa sita, chumba cha ghorofani Mji Mkongwe. Nimeridhika nayo na nitarudi. Ila matayarisho yalinitesa, na kwa kiasi kikubwa bure.

Ujumbe wa waandaaji ulisema tu, "njoo na kalamu na karatasi." Nikaenda Darajani, nikanunua kalamu ya jeli na daftari la skuli, nikaanza kujifundisha usiku nisije nikaaibika. Ilikuwa masika. Karatasi ilishalegea kwa unyevu, wino ukatambaa kando ya kila mstari, na kiganja kikipita juu yake kinaupakaza ukurasa mzima. Siku ya nne nikalifunga daftari nikalia. Jambo la kunituliza limekuwa la kunitia hamaki.

Kumbe wangetuambia mambo mawili tu yangetosha. Mtindo tuliofundishwa ni Zentangle, ulioanzishwa Marekani na Rick Roberts na Maria Thomas, na huchorwa juu ya kipande cha mraba cha karatasi nzito, kama sentimita 9 kwa 9. Manila iliyokatwa inafaa kabisa. Kalamu iwe ya wino usiochuruzika, ncha ya milimita 0.25, ile iliyoandikwa 01. Raba iache nyumbani, haitumiki. Mstari ukipinda, unaendelea nao hivyo hivyo ulivyopinda.

Unatia nukta nne pembeni kwa penseli, unaziunganisha, unapitisha mstari mmoja wa kuzungukazunguka ndani yake, kisha kila kijumba kilichojitenga unakijaza nakshi moja ya kurudiarudia kwa kalamu. Kijumba cha tatu nilikijaza vijiduara, kila kimoja nikikizungushia vistari vifupi vifupi. Mkono ukawa unakwenda wenyewe. Nikatazama vizuri: ni vitobo vya kofia! Mama alikuwa akikaa barazani baada ya alasiri na kofia yake, tundu moja baada ya jingine, uzi unazunguka, hasemi na mtu. Tukimuuliza mbona kimya, hujibu, "Napumzika." Sikuwahi kumwelewa, mtu kainamia sindano saa mbili nzima, anapumzika vipi? Siku ile nilimwelewa. Bega langu la kulia, lililokaza tangu siku za matanga, lilikuwa limeshuka bila mimi kujua.

Mwalimu hakutuahidi kuponywa. Alisema wazi kwamba mwenye huzuni inayomzuia kula au kufanya kazi akamwone daktari, kuchora kuwe nyongeza. Kwa hilo nilimheshimu sana.

Kwa anayejitayarisha: usijifundishe nakshi kabla, zote mtafundishwa pale pale. Jizoeze kukaa dakika kumi simu ikiwa chumba kingine. Mie hilo lilinishinda kuliko kuchora. Kunywa chai kabisa nyumbani, kwani hakuna mapumziko. Na wahi kiti cha dirishani. Taa ya chumba kile ni hafifu, na ncha nyembamba namna ile inataka mwanga. Nilikaa nyuma, nikarudi nyumbani macho yananiuma, lakini usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri.