Payaje ya bustani kubwa Bukavu: ununue nini, uache nini

Kama parseli yako iko ku muteremko unajua mvua ya mwezi wa tisa inafanya nini: udongo mweusi wote unahamia kwa jirani wa chini na hata asante hasemi. Payaje, ni kusema kufunika udongo na nyasi, majani ao kitu kingine, njo inaushika. Lakini mbele ya kutoa franga piga hesabu kwanza: mita 10 kwa 10, unene wa sentimita 5, ni mita kibe 5, ni kusema lita 5000. Mufuko wenye kumeza ndoo tano za lita 20, utahitaji mifuko 50! Kwa hiyo usidanganyike na bei ya mufuko, transpo njo itakumaliza.

Namba moja kwangu ni nyasi na mabua makavu, tripsakumu (ile nyasi ndefu ya kulisha ng'ombe), mahindi, maharage, yanunue kwa mkulima wa karibu. Angalia nyasi isiwe imeshatoa mbegu, la sivyo umejinunulia palizi, na umuulize kama alipuliza dawa ya magugu, sababu zingine zinabakia ndani ya majani. Tithonia ile ya maua ya njano kando ya barabara ni bure, changanya tu, inaoza haraka lakini inalisha udongo. Majani ya migomba pia mazuri, ila kama shina likikatwa linatoa usaha wa njano hiyo ni wilt, ugonjwa wenye kunyausha migomba, usilete kwako hata wakikupa bure.

Namba mbili, maganda ya mpunga ya upande wa Kamanyola. Safi, mepesi, tena mepesi sana: upepo unabeba, maji yanabeba, lazima uyaloweshe na uweke nyasi juu.

Namba tatu unga wa mbao. Hapa nililia mimi. Nilichukua mifuko kumi ku atelie moja, bado mbichi, nikachanganya na udongo nikidhani ni mbolea, wiki mbili lengalenga (mchicha) yote njano kama mutu wa malaria, kumbe unga ule ukioza unakula azoti ya udongo, ile chakula yenye kufanya majani yakuwe kijani. Chukua uliozeeka, mweusi, uuache juu juu. Wa tripleksi, wa mbao za verni ao zile za kijani zenye dawa, acha kabisa, hasa ku mboga.

Plastiki nyeusi? Ya nyanya kidogo sawa, ya bustani kubwa hapana, inachanika inabaki mu udongo.

Tandaza baada ya mvua udongo ukiwa na maji, acha nafasi ya vidole vitatu ku shina. Na jirani akiwa na kuku weka matawi juu, mbele ya saa nne watakuwa wamefukua yote.