Thoriamu au potasiamu: ipi huuzuia waya wa tangsteni usilegee?

Tangsteni, metali ya waya unaowaka ndani ya balbu, huyeyuka kwenye nyuzi 3422 za Selsiasi, kwa hiyo hatuimimini kama shaba. Unga wake hushindiliwa, huokwa hadi punje zishikane, kisha hufuliwa na kuvutwa kuwa waya. Lakini waya wa balbu ukiwaka karibu na nyuzi 2500, uzito wake wenyewe huulegeza polepole.

Dawa ya kwanza ni oksaidi ya thoriamu, asilimia 1 au 2. Chembe zake huzuia fuwele za tangsteni zisikue, na waya hustahimili mtikisiko. Ila fuwele ndogo zina mipaka mingi kati yake, na kwenye joto kali mipaka ndiyo huteleza. Tena thoriamu ina mnururisho: fundi wa kuchomelea kwa argoni anayenoa elektrodi ya ncha nyekundu, yaani yenye thoriamu, avae barakoa, tafadhali.

Potasiamu ndiyo inayonivutia zaidi. Aladar Pacz wa General Electric alipewa hataza ya mbinu hii Marekani mwaka 1922. Potasiamu inayobaki ndani ya waya haifiki gramu 1 katika kilo 10. Haiyeyukani na tangsteni, bali hugeuka mvuke ndani ya viputo vidogo mno, vilivyojipanga mistari kuufuata waya. Fuwele zikitaka kupanuka kwa upana hukwama, hivyo hurefuka na kushikana kama vidole vilivyofumbatana. Mipaka inayokata waya kwa upana huwa michache, na waya haulegei.

Kwa balbu, nachagua potasiamu bila kusita. Thoriamu inabaki na sifa moja, kuwasha cheche kwa urahisi wakati wa kuchomelea, na hata hapo metali nyingine, lanthanamu, inaweza kushika nafasi yake.